Sauti Iliyofikisha Neno: Historia ya Waimbaji wa Kike wa Jukwaani Tanzania

Kwa takriban miaka mia moja, sauti ya mwanamke imekuwa nguzo ya sanaa za jukwaani Tanzania. Imepita katika kumbi za Mji Mkongwe wa Unguja, katika viwanja vya ngoma vya Dar es Salaam, katika klabu za taarab za Tanga na katika maonyesho ya vikundi vya sanaa, hadi ikafika kwenye redio za vijiji vya mbali na bahari kama Rungwe Mpya wilayani Kasulu. Waliopendwa zaidi hawakupendwa kwa uzuri wa sauti pekee. Walipendwa kwa sababu walifikisha neno: kila silabi ilisikika, na kila msikilizaji alilipokea shairi kana kwamba limetungwa kwa ajili yake.

London na New York, tamthilia ya nyimbo ni hadithi moja inayosimuliwa na wahusika wanaoimba, wanaocheza na wanaozungumza. Afrika Kusini nayo ina jadi hiyo. Mwaka 1959 Miriam Makeba aliimba katika tamthilia ya King Kong mjini Johannesburg, na mwaka 1987 Leleti Khumalo alianza kujulikana kupitia Sarafina! ya Mbongeni Ngema. Tanzania ilifuata njia yake. Kilicho karibu zaidi na tamthilia hiyo ni onyesho la kikundi cha sanaa, ambalo kwa usiku mmoja hukusanya ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya na taarab. Taarab yenyewe ni igizo fupi ndani ya igizo kubwa. Yupo anayesema, yupo anayeambiwa, na ipo hadhira inayojua fumbo limemlenga nani.

Kabla ya jukwaa

Wanawake wa pwani walikuwa na nyimbo zao muda mrefu kabla ya kumbi na vipaza sauti. Harusini kulikuwa na vugo na chakacha. Katika malezi ya wari kulikuwa na ngoma ya unyago, ambayo wimbo wake ulikuwa darasa. Vyama vya lelemama vya Lamu, Mombasa, Unguja na miji mingine vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na zaidi kwa maneno. Chama kimoja kilitunga wimbo wa kukipasha kingine, na kile kingine kikajibu. Ushindani huo wa wimbo kwa wimbo ndio uliokuja kuujaza ukumbi miongo mingi baadaye.

Wakati huo taarab ilikuwa ya kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, na kijana Mohamed Ibrahim akapelekwa Cairo kujifunza kupiga ganuni, ala ya nyuzi. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, kikundi kikongwe cha taarab ambacho bado kipo. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Watu wengi wa mjini walisikia ala na sauti, lakini maana hawakuipata.

Siti binti Saad

Aliyebadilisha hali hiyo alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua, na wote wawili walitoka katika ukoo wa watumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini, akinadi kwa sauti iliyosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alijiunga na wanamuziki waliomfundisha kuimba kwa kufuata ala, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda Swedi na Mbaruku Talsam. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata kutokana na uimbaji wake.

Siti alijua kuimba kwa Kiarabu, lakini aliiweka taarab katika Kiswahili. Uamuzi huo uliitoa taarab kasrini na kuileta Ng'ambo, mtaa wa watu wa kazi za mikono, wachuuzi na waliokuwa watumwa. Nyimbo zake zilizungumzia mapenzi, na pia dhuluma, hukumu za mahakama na unyonge wa wasio na kauli. Wimbo wa Kijiti, uliotokana na kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na muuaji wake akatorokea bara, ulilifanya shauri la mahakamani kuwa jambo lililojadiliwa barazani na jikoni. Msikilizaji wa Siti alisikia hadithi yenye wahusika, yenye tukio na yenye hukumu. Hapo ndipo taarab ya Kiswahili ilipopata sura ya igizo.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya Gramophone, zilizobeba nembo ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Santuri hizo zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za nyimbo za Kiswahili kuuzwa madukani, na zilienea pwani yote na kuvuka hadi bara. Sauti ya mwanamke mmoja iliweza sasa kusikika mahali ambapo mwenyewe hajafika. Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, aliyewahi kukutana naye na kumhoji, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vinavyoeleza maisha ya mwanamke wa Afrika Mashariki.

Kiongozi wa ngoma aliyeongoza siasa

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilijaa vikundi vya ngoma vya wanawake. Katika kikundi kimoja kilichoitwa Bomba, mwimbaji kiongozi alikuwa Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliitembelea Tanganyika na kuuliza wako wapi wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Viongozi wa TANU wakamgeukia Bibi Titi. Alianza kazi kupitia vikundi vya ngoma, akiwafuata viongozi wa vikundi hivyo mmoja mmoja, na kabla ya mwaka huo kwisha wanawake walioingia TANU walihesabiwa kwa maelfu.

Ufanisi huo ulitokana na kazi ya mwimbaji kiongozi. Katika ngoma yeye ndiye anayetoa wimbo, anayejua lini waitikiaji wapokee na lini sauti ishushwe ili neno lisikike. Bibi Titi aliuleta ujuzi huo kwenye mkutano wa hadhara. Hotuba zake zilikwenda kwa mwito na mwitikio, na watu walizipokea kama walivyopokea wimbo. Alifariki Novemba 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Tanga na Mombasa: gitaa na sauti nyororo

Katika miaka ya 1960 taarab ya Tanga ilipata ladha mpya. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyotoka humo humo, walipunguza ala za kasri na kuingiza magitaa ya umeme na mapigo yaliyomfanya msikilizaji ainuke kitini. Katika mabadiliko hayo ilichomoza sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani. Ilikuwa sauti nyororo isiyopiga kelele, yenye huzuni iliyotulia, na matamshi yake yalikuwa safi kiasi kwamba mtu aliyeusikia wimbo mara mbili aliweza kuukariri. Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba ni miongoni mwa nyimbo zilizomweka katika kumbukumbu ya taifa. Baadaye aliimba katika kikundi cha taarab cha Jeshi la Kujenga Taifa. Alifariki Dar es Salaam Agosti 2016.

Ng'ambo ya mpaka, Mombasa ilikuwa na Zuhura Swaleh, aliyeichanganya taarab na mapigo ya chakacha na kuimba kwa kufuatana na taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye, na ilikuwa na Malika, ambaye kaseti zake zilipigwa harusini kutoka Lamu hadi Dar es Salaam. Waimbaji wa kizazi hicho walikuwa na walimu wawili wa mbali: Umm Kulthum wa Misri, aliyesikika kwenye redio ya Cairo, na Lata Mangeshkar wa India, aliyesikika katika filamu za Kihindi zilizojaza kumbi za sinema za pwani. Kwa Umm Kulthum walijifunza kurudia mshororo mmoja kila mara kwa hisia tofauti. Kwa Lata walijifunza wepesi wa sauti ya juu. Maneno yalibaki yao.

Bi Kidude na sauti ya mkwaruzo

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude, alikwenda kinyume na unyororo huo. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mkwaruzo, na ilitoka kifuani kwa nguvu ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma. Alikuwa kungwi na mpigaji wa ngoma za unyago. Aliimba pia nyimbo ambazo Siti aliziimba kabla yake, na kwa njia hiyo zikawafikia wasikilizaji wa karne nyingine. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa, lakini inakadiriwa kuwa alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, inayotolewa kwa wanamuziki wa mataifa mbalimbali duniani. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa ameshaimba Ulaya na Asia akiwa bibi kizee.

Kwa Bi Kidude, jukwaa na unyago vilikuwa kazi moja. Alipopiga ngoma mbele ya wageni alifanya kile alichofanya mbele ya wari: aliigiza, alikonyeza, alinyamaza mahali pa kunyamaza. Historia yake inaonyesha kwamba hadhira ya Waswahili haijawahi kuwa na kipimo kimoja cha sauti nzuri. Shakila alipendwa kwa ulaini, Bi Kidude kwa ukali, na neno la kila mmoja lilifika.

Vikundi vya taifa na vya mashirika

Baada ya uhuru, serikali iliitazama sanaa kama kazi ya kujenga taifa. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, na kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata muda mfupi baadaye. Vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1974 kikaundwa kikundi cha taifa cha maigizo. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza kufundisha ngoma, muziki, maigizo na sarakasi chini ya paa moja, na wahitimu wake wakasambaa katika vikundi mbalimbali.

Jeshi, Polisi, Magereza, viwanda na mashirika ya umma nayo yaliunda vikundi vyao. DDC Kibisa, kikundi cha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, kilijulikana sana kwa ngoma. Mwaka 1980 Norbert Chenga alianzisha Muungano Cultural Troupe, kikundi binafsi kilichotegemea viingilio vya mlangoni. Maonyesho yalifanyika katika kumbi za baa na viwanja vya michezo, mara nyingi mwisho wa wiki, na familia nzima zilihudhuria. Ngoma ilifungua, sarakasi na vichekesho vikafuata, igizo likashika katikati, na taarab ikawekwa mwishoni ili watu wasiondoke mapema.

Wahadhiri wa chuo kikuu nao walikuwa na mchango wao. Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika Harakati za Ukombozi, iliyotolewa mwaka 1982, na katika Lina Ubani Penina Muhando alitumia usimulizi wa hadithi pamoja na nyimbo. Katika tamthilia hizo mwanamke anayeimba hapambi onyesho. Ndiye msimulizi, na kisa chote kinaegemea sauti yake.

TOT, Muungano na enzi ya mipasho

Mwaka 1992, Tanzania iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi, Chama Cha Mapinduzi kilianzisha Tanzania One Theatre, maarufu kama TOT, chini ya Kapteni John Komba. Kikundi hicho kilikuwa na kwaya, ngoma, maigizo na taarab, na silaha yake kubwa ukumbini ikawa Khadija Kopa, mwimbaji kutoka Zanzibar aliyekuwa ameimba na Culture Musical Club. Muungano ilimweka mbele Nasma Khamis. Mashabiki wa Dar es Salaam wakagawanyika kama wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga.

Mashindano yao yalirudisha jukwaani mtindo wa lelemama. Kikundi kimoja kilitoa wimbo wenye fumbo, na baada ya muda kingine kikatoa jibu. Nyimbo hizo ziliitwa mipasho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumpasha mtu habari asiyotaka kuisikia. Kopa akaitwa malkia wa mipasho. Sauti yake ni nzito na yenye kujiamini, na huuweka mkazo kwenye neno lenye mwiba huku mkono, bega na jicho vikieleza yaliyobaki. Kwa Kopa, mwimbaji ni mwigizaji kamili, na wimbo usioonekana usoni haujaimbwa.

Hadhira nayo ilikuwa sehemu ya onyesho. Katika taarab, mtu anayeguswa na mshororo huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji pesa mbele ya watu wote. Kutunza ni kulipa, na pia ni kusema. Mwanamke anayetembea polepole kuelekea jukwaani na noti mkononi anamwambia mtu fulani ukumbini kwamba maneno hayo ni yake. Ndiyo maana matamshi yana thamani kubwa kuliko urefu wa sauti. Neno likimezwa na ala, hakuna anayeinuka. Mwimbaji mahiri huurudia mshororo uliogusa mara mbili, mara tatu, akingojea mtunzaji afike, kisha ndipo huendelea na ubeti.

Viongozi wa dini na wazee wa taarab ya zamani waliilaumu mipasho kwa kuacha stara ya mafumbo. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, kwani baadhi ya nyimbo zilisema wazi yale ambayo washairi wa zamani waliyafunika. Hata hivyo mipasho iliwapa wanawake wa mjini nafasi ya kuzungumzia mambo ya ndoa, ukewenza, husuda na riziki hadharani, kwa lugha yao na kwa kauli yao.

Taarab ya kisasa

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, East African Melody iliweka kinanda cha umeme mahali pa fidla na ganuni. Kundi dogo liliweza sasa kusafiri na kupiga popote penye umeme. Sabaha Muchacho, Mwanahawa Ali na Afua Suleiman ni miongoni mwa sauti zilizokuzwa na mtindo huo ulioitwa rusha roho. Mwanzo wa karne ya 21 ulileta Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf, ambako Isha Mashauzi alijipatia jina kabla ya kuanzisha kundi lake, Mashauzi Classic. Mwanamke aliyewahi kuimba chini ya viongozi wa kiume sasa alikuwa mwenye kundi.

Zanzibar nako, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza mwaka 2002 na kuwafundisha wasichana kupiga ganuni, udi na fidla, ala zilizokuwa za wanaume. Mwaka 2009 Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarab ambacho waimbaji na wapigaji wake ni wanawake.

Sauti zilivyofika nyanda za juu za Kigoma

Vijiji vya Kasulu na Kibondo viko mbali na kumbi zote hizo, lakini vilizisikia. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliufungua mji huo kwa watu na bidhaa za pwani. Matangazo ya redio yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania, yaliwafikisha waimbaji wa pwani hadi milimani. Operesheni ya kuhamia vijijini iliyofanyika Kigoma mwaka 1972 ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na redio moja ikaweza kusikilizwa na majirani wengi. Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, sauti za Mbilia Bel na Tshala Muana wa Kongo nazo zilivuma katika miaka ya 1980.

Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kupokea wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, na kuanzia 2015 Warundi wengi waliingia humo na katika kambi za Nduta na Mtendeli. Wakongo walikuja na kwaya zao za Kiswahili, na Warundi na nyimbo za Kirundi, lugha inayosikilizana na Kiha. Wanawake wa Kiha wenyewe wana nyimbo za harusi, za kubembeleza watoto na za kazi za shambani, zinazokwenda kwa mtindo ule ule wa kiongozi na waitikiaji.

Mkoa wa Kigoma umetoa pia sauti za jukwaa la sasa. Mwasiti Almasi alilelewa kisanaa na Tanzania House of Talent ya Dar es Salaam, nyumba iliyofundisha vijana kuimba, kucheza na kumiliki jukwaa kwa pamoja. Mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa wasanii wenye asili ya Kigoma waliokusanyika kuimba wimbo uliopewa jina la Kiha, Leka Dutigite.

Kilichohifadhiwa na kilichopotea

Santuri za Siti zimemhifadhi Siti. Shakila amehifadhiwa na kanda za redio, na Bi Kidude na filamu na albamu za uzeeni mwake. Waimbaji wa vikundi vya sanaa hawakuwa na bahati hiyo. Onyesho la saa nne lenye ngoma, igizo na taarab halikuingia katika kaseti ya dakika 60. Kilichorekodiwa mara nyingi ni wimbo mmoja mmoja, bila igizo lililoutangulia na bila vigelegele vya waliokwenda kutunza. Nyimbo za wanawake wa vijijini zimerekodiwa kwa uchache zaidi.

Kaseti zilizobaki majumbani zinaharibika kwa joto na vumbi, na waimbaji viongozi wa ngoma za zamani wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Simu ya mkononi yenye kinasa sauti sasa imefika karibu kila kijiji. Walimu wa shule, vikundi vya kwaya na vijana wa Kasulu na Kibondo wanaweza kuwarekodi bibi zao wakiimba, kuandika jina la mwimbaji, la wimbo na la kijiji, na kuzihifadhi nakala mahali zaidi ya pamoja. Kazi hiyo ianze sasa, wakati wenye sauti hizo bado wapo.